Dawa ya Kulegeza

Neno moja tu lilimharibia Hemedi siku yake, na wala halikuwa tusi. Lilisemwa na daktari, tena kwa adabu zote, baada ya shikamoo na marahaba, ndani ya chumba kidogo cha kliniki pale Kilindoni chenye pazia mahali pa mlango. Daktari mwenyewe alikuwa binti, Masooma jina lake, mzaliwa wa hapohapo Kilindoni, aliyekulia nyuma ya duka la baba yake, akapelekwa Dar kusomea udaktari, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Hemedi alikuwa mkwezi wa minazi kutoka Kirongwe. Kifua kipana, nyayo ngumu, mvi za kubahatisha, na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kulazwa.

Aliyemtuma ni Arafa, mkewe. Kwa muda sasa Hemedi alikuwa akiamka na kichwa kizito kisogoni, na kile kichwa kikishatulia, mchana kutwa anakuwa mwepesi, mwepesi mno, kama mtu aliyeamka nusu na nusu nyingine ikabaki kitandani. Sauti za watu zilimfikia kwa kuchelewa. Akiwa juu ya mnazi aliwaona watu huko chini wakimpungia mikono, akawatazama kwa upole bila kukumbuka kwamba wanamwita yeye. Arafa alimchunguza siku mbili tatu, kisha akamwambia achague moja: ama yeye aende kupima, ama yeye Arafa ndiye akwee minazi.

Basi akawa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umezungushiwa mkanda wa kupimia. Mkanda ulijaa upepo ukambana, ukaachia. Pazia la mlangoni nalo lilijaa upepo wa pwani na kutulia, likajaa tena na kutulia. Hemedi alilitazama lile pazia mpaka kope zikaanza kuwa nzito.

"Mzee Hemedi, presha yako iko juu sana," daktari akasema.

Hilo la kuitwa mzee halikumpendeza, lakini silo neno ninalolisemea. Aliuliza kama ni presha ya kupanda au ya kushuka, maana kwao Kirongwe wa presha ya kushuka hulamba chumvi na kupata nafuu. Daktari akamwambia chumvi aisahau, na samaki wa ng'onda, wale wa kukaushwa kwa chumvi, nao awaage kabisa. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado mpya kazini na moyo wake haujachoka na watu, akavuta kiti karibu akaanza kumweleza.

"Mishipa ya damu siyo mabomba, mzee wangu. Iko hai. Ndani kabisa ina utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na utando ule unatoa hewa fulani, kidogo sana, haionekani. Tunaiita naitriki oksidi. Kazi yake ni moja, kuiambia misuli ya mshipa itulie, damu ipite kwa raha. Presha ikipanda ikakaa hukohuko, utando unapigwa kila moyo unapodunda. Unachoka. Hewa inatoka kidogo, na hiyo kidogo nayo inaliwa njiani na chembe kali zinazozaliwa na presha yenyewe. Mshipa ukikosa wa kuutuliza, unakaza. Ukikaza muda mrefu, ukuta wake unanenepa, unajijaza nyuzi ngumu, na zile nyuzi laini za kuvutika zinakatika moja moja."

Hemedi aliitikia kwa kichwa. Maneno yalikuwa mazuri, yakimpitia taratibu, na yeye akiyaangalia yanavyopita. Hata angeambiwa aeleze alichosikia, angesema amesikia sauti ya binti mwenye heshima, na upepo.

"Sasa dawa hii," daktari akamalizia, akainua pakiti ya vidonge, na sauti yake ilikuwa ya kufika mbali, "inafanya ile kazi iliyokosa mtu. Inalegeza mishipa. Utameza kila siku, maisha yako yote."

Hapo Hemedi akaamka.

Jamani, yapo maneno hayasemwi hivyo mbele ya mwanamume wa pwani. Mshipa, kwa mkwezi wa Kirongwe, siyo neno la hospitali. Mwenye mshipa ni mwenye busha. Na mwenye mishipa iliyolegea, huyo habari zake hazitajwi mbele ya wakwe. Sasa binti wa watu anamwambia kuna kidonge cha kuilegeza kwa makusudi, kila siku ya Mungu, mpaka siku ya kufa. Nje ya pazia, kwenye benchi la wanaosubiri, kina mama wawili walikohoa kikohozi kile kisichotoka kifuani.

Hakuuliza. Aanzie wapi, na huyu ni rika la binti zake? Alivipokea vidonge kwa mikono miwili, akashukuru, akapita mbele ya lile benchi amekaza uso na macho ameyaelekeza kwenye viatu vyake.

Na lililomtia hofu hasa ni hili: tangu kabla ya kliniki, miezi kadhaa, mambo ya chumbani yalikuwa yameanza kumgomea. Hakumwambia mtu. Ndoa yake na Arafa ilikuwa ya pili kwa wote wawili, haijachosha bado, na Hemedi alimpenda yule mwanamke kwa namna iliyomtia haya, umri wake ule. Alikuwa amejiambia ni uchovu tu, utapita. Leo amekabidhiwa kidonge cha kummalizia kabisa.

*

Sokoni jua lilikuwa kali, vumbi limening'inia hewani halitaki kushuka. Hemedi alisimama akingoja gari la Kirongwe. Chini ya turubai, ng'ambo ya barabara, muuza dawa za miti shamba alikuwa amefunga spika juu ya pikipiki yake, na sauti iliyorekodiwa ilikuwa inazunguka, ikiisha inaanza upya.

"Je, mishipa imelegea? Mama anaguna? Ndoa iko mashakani? Njoo ukaze mishipa, urudishe heshima ya nyumba."

Tangazo lile Hemedi alikuwa amelisikia mara nyingi, akalicheka pamoja na wenzake. Leo hakucheka. Aliona kama mji mzima umekubaliana kumsema, kwanza kule nyuma ya pazia, sasa hapa juani, wanapokezana. Miguu ilimvusha barabara yenyewe.

Alimuuliza yule muuzaji, kwa kuzunguka sana, kama ni kweli zipo dawa zinazolegeza. Muuzaji akamwambia zipo tele, za hospitali hizo, wateja wake karibu wote wametokea huko. Akamfungia unga wa mizizi kwenye pakiti yenye picha ya simba, akamwelekeza auchanganye na kahawa chungu ukolee. Pesa aliyolipa Hemedi ni ile aliyokuwa ameiweka kando amnunulie Arafa doti ya khanga. Alijiambia kwamba khanga na huu unga, kwa mwanamke, mwisho wake ni heshima ileile.

Nyumbani Arafa aliuliza wamesemaje. Hemedi akajibu ni presha kidogo, wamempa vidonge. Arafa akavichukua, akavipa mahali pake juu ya kabati, na tangu siku ile ikawa kazi yake kila asubuhi kumletea kimoja na kikombe cha maji, akasimama palepale mpaka kimezwe. Hemedi alikunywa maji, akapandisha koo, akashusha. Kidonge kilikuwa chini ya ulimi. Alitoka nacho taratibu, akiitikia salamu za majirani kwa kuinua mkono tu, mpaka nyuma ya banda la kuku, akakitema akakifukia kwa kisigino. Kama jogoo wa nyumba ile alipata kudonoa hata kimoja, basi presha yake ilikuwa salama kuliko ya mwenye nyumba.

Kisha alikunywa kahawa yake yenye unga wa simba. Moyo ulikwenda mbio, masikio yakavuma, mwili ukachemka. Hemedi alidhani huo ndio ujana unarudi. Alikwea kwa kasi mpaka Ussi, mkwezi mwenzake wa miaka mingi, akamuuliza anakimbizwa na nani. Huko juu, kwenye vichwa vya minazi, wepesi ule wa mchana ulimjia mzito zaidi. Aliona makuti yakiyumba, naye akiyumba nayo, na kwa muda mrefu hakuwa na uzito wala jina.

Chumbani hakuna kilichorudi. Hemedi alijigeuzia ukutani, akajifanya amesinzia. Baadaye akahamisha mkeka akawa analala barazani, akasema ni joto. Ilipita mvua nzuri ya kupoza nyumba, na yeye akabaki barazani akisema ni joto.

"Nimekukosea nini?" Arafa alimuuliza asubuhi moja, ameshika kile kikombe cha maji.

"Hujanikosea," Hemedi akasema. "Joto tu."

Arafa hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke wa Ndagoni, mchangamfu, ambaye akirudi kutoka pwani kupiga makumbi, yale maganda ya nazi yanayoozeshwa topeni, alikuwa hakosi kisa cha wenzake cha kumchekesha mumewe. Sasa alirudi kimya, tope limekaukia miguuni, akaanika juani usumba wake, zile nyuzi za makumbi, akapika, akala kwa adabu kama mgeni. Siku moja alisema anafikiria kwenda Ndagoni kwa mama yake, akae kidogo. Hemedi akasema haya. Alipoingia ndani alimkuta anazikunja khanga zake moja moja, zote, hata zile za Idi, anazipanga kwenye begi.

Mtu haendi kukaa kidogo na khanga za Idi. Hemedi alielewa, au alidhani ameelewa: mwanamke amechoka na mwanamume asiye na faida. Maneno yalimjaa kifuani yakafika kooni. Mficha uchi hazai, walisema waliotangulia, na Hemedi alilijua sana neno hilo, amewaambia wengine. Alisimama mlangoni akaitazama mikono ya Arafa inavyolainisha mikunjo, kisha akatoka kwenda kuwasha jiko la kahawa. Aliweka unga mara mbili.

*

Walikuwa shamba la jirani, yeye na Ussi. Hemedi alitia kitanzi cha kamba miguuni, akakumbatia shina, akapanda. Kahawa ilikuwa inamdunda mpaka kwenye meno.

Juu kulikuwa kuzuri. Kulikuwa kuzuri kupita siku zote, na hilo lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake. Vichwa vya minazi vilienea mbele yake vyote kimo kimoja, kijani kitupu, mtu angeweza kushuka akatembea juu yake mpaka Ndagoni. Moshi wa majiko ulipanda ukasimama. Hemedi alikata nazi moja, ya pili, kisha panga likamtoka mkononi. Alilitazama likienda chini, linageuka na kumeta, linachukua muda wake. Hakuona ubaya wowote.

Akautazama mkono. Ulikuwa umelala juu ya kuti, mkono wa kulia, mkubwa, una kovu la zamani la panga, na kwa hakika alikuwa amewahi kuuona mahali. Akauambia ushike. Haukushika. Hakukuwa na maumivu, wala hofu, ila usingizi mtamu unaopanda kutoka mguu wa kuume kuja juu, na wazo kwamba afadhali apumzike hapahapa, ajilaze kidogo, makuti yatamshika.

Kilichomwamsha ni lile begi. Aliliona wazi, zipu yake mbovu, khanga zimekunjwa vizuri, na hakumwambia Arafa neno. Akaogopa. Ile hofu iliyokuwa imemkimbia siku zote ikamrudia nzima nzima, akalikumbatia shina kwa mkono wa kushoto, akabana kwa kifua na kidevu, kitanzi kikamshika miguu, akajiachia. Alishuka akikwaruzika kila pingili ya mnazi. Ussi aliyekuwa anamwita kutoka chini akasikia kitu kama jibu, ila halikuwa neno la lugha yoyote.

Alipofika chini kifua kilikuwa kinavuja damu na mdomo umekwenda upande. Ussi aliutazama ule uso, akasoma alichokijua, akasema rafiki yake amepigwa na upepo, minazi ile ina wenyewe. Watu wakajaa. Mmoja akataka aitwe fundi wa mambo hayo, mwingine ubani. Ussi, ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, alikuwa ameshamtuma mtu amwite huyo fundi.

Arafa alifika na tope mpaka magotini. Akapiga magoti, akaushika ule mkono wa kulia, akauinua na kuuachia, ukaanguka kama si wa mtu.

"Huu siyo upepo," akasema. "Hiki ni kiharusi. Nataka gari la kwenda Kilindoni sasa hivi, na anayetaka kusoma dua atasomea ndani ya gari."

Alitia mkono kwenye mfuko wa shati la mumewe kutafuta simu. Kilichotoka ni pakiti ya simba. Watu walikuwa wamewazunguka, vichwa vimeinama kutazama. Arafa alijua kusoma, na maandishi yale yalikuwa makubwa. Alisoma. Kisha kiganja kikajifunga, mkono ukaingia kiunoni chini ya khanga ukatoka mtupu, na hakuna aliyeona isipokuwa Hemedi.

Alitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima. Wakampakia nyuma ya gari la nazi, kichwa chake kwenye mapaja ya mkewe yenye harufu ya makumbi yaliyooza, na kila gari liliporuka shimo Arafa alikishika kile kichwa kwa mikono miwili. Hemedi alilia kwa jicho moja. La pili halikumtii.

*

Masikio ya mtu husikia hata mwenyewe asiposikiliza. Katika usingizi wa wodini Hemedi alijikuta anatembea katika uchochoro mwekundu, wenye joto la mwili, na kuta zake zilikuwa zinapumua. Ndani ya kuta walikaa wanawake, wengi, bega kwa bega, hawafanyi kazi yoyote ila kunong'ona. Walisema tulia. Pumzi ndogo iliwatoka mdomoni, ikafika ukutani, ukuta ukampisha. Hemedi akapita. Akapenda sana kule kupishwa.

Mbele kidogo wanawake wale walikuwa wamekaukiwa sauti. Walinong'ona bado, lakini cheche ndogo zilizagaa hewani, zikiyala maneno kabla hayajafika. Kuta hazikusikia kitu. Zilikuwa zimejijenga, uzi mgumu juu ya uzi mgumu, unene juu ya unene, na zile nyuzi laini zilikuwa chini zimekatika, akizikanyaga. Alipita kwa ubavu. Kisha hata ubavu haukupita. Mbele yake uchochoro ulifumba, na upande wa pili alikuwepo mtu anayemngoja, alimsikia anavyopumua. Hemedi akataka aliseme yeye mwenyewe lile neno, tulia, ukuta nao ulisikie. Ulimi ukakataa.

Alipofumbua macho ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa ndugu na mabakuli ya uji. Arafa alikuwa amekaa kitandani kwake miguuni, na Daktari Masooma amesimama, kipimo kimening'inia shingoni. Alikuwa anamuuliza Arafa kama mgonjwa alikuwa anameza vidonge. Arafa akaapa kwa Mungu kwamba alimpa kwa mkono wake, kila asubuhi, hajakosa hata moja. Daktari akanyamaza kwa namna ya mtu anayejizuia kumwita mwenzake mwongo, na Arafa akaliona hilo, akainamisha kichwa.

Hemedi hakuweza kulivumilia. Akatikisa kichwa. Kwa ulimi ule mzito, na kwa kidole cha kushoto kilichoonyesha chini ya ulimi, kisha chini sakafuni, akakiri. Kuku. Nyuma ya banda.

"Kwa nini, mzee wangu?" daktari akauliza.

Alihangaika nalo muda mrefu. "Legeza," akasema mwishowe.

Daktari hakuelewa. Arafa alielewa. Lile neno lilimfikia likapita moja kwa moja mpaka kiunoni, ilipokuwa pakiti. Akaitoa, akaiweka mkononi mwa daktari, akainuka akamnong'oneza kwa Kiswahili cha kina mama, chenye mafumbo ya kutosha. Daktari Masooma aliisoma pakiti, akamtazama Hemedi, na uso wake ukaiva mpaka masikioni. Alikuwa amelitumia neno lile kwa wagonjwa wangapi, na wangapi walitabasamu wakashukuru wakaenda zao?

"Nisamehe, mzee," akasema, akakaa kitandani bila kujali cheo. Akashusha sauti, na mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akashusha redio ili asikie. "Sikujua nimekwambia nini. Sasa nisikilize. Mshipa ule nao ni wa damu, kama mingine yote. Haufanyi kazi kwa kukaza. Kwanza ulegee, damu iingie, ndipo mambo yawe. Na anayeuambia ulegee ni ile hewa ileile. Presha huanza na mishipa midogo. Kilichokuwa kinakugomea kilianza kabla hujafika kwangu, sivyo? Haikuwa dawa. Ulikuwa ugonjwa, unabisha hodi."

Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, kwamba zipo dawa za presha zinazowasumbua baadhi ya wanaume upande huo, na akiona hivyo aje aseme, atabadilishiwa, dawa ziko nyingi. Mishipa ya ubongo ndiyo haina ya kubadilisha. Kuhusu ule unga, hakujua umechanganywa nini, ila uliokuwa unamkimbiza moyo wake haukuwa ujana.

Hemedi aliuliza kama atakwea tena. Aliuliza kwa kuinua macho juu na mkono wa kushoto, na daktari akaelewa. Mkono utarudi, akasema, kwa mazoezi na subira, labda wote, labda nusu. Minazi, hapana. Hemedi akageuza uso akalia, hakuficha, maana tangu ujana wake hakuwa na kazi nyingine duniani. Daktari alimwekea mkono begani, akakaa naye kidogo, kisha akaitwa kitanda kingine.

Wakabaki wawili. Arafa alikuwa analikunja na kulikunjua pindo la khanga yake.

"Mimi nilidhani hunitaki," akasema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya usumba. Halafu akaendelea, macho kwenye pindo, kwamba siku zile zote za barazani alijitazama kwenye kioo akatafuta kasoro, akabadili mafuta ya nywele, akaacha vitunguu, akawauliza wenzake pwani kama amezeeka. Lile begi alilifunga ili asije akafukuzwa. Alitaka aondoke kwa miguu yake. Hemedi alimsikiliza, na kila neno lilimuuma mahali ambapo hakujua pana uhai bado. Yeye alikuwa akilinda heshima yake ukutani, na nyuma ya mgongo wake mke alikuwa akijiona takataka.

Akavuta pumzi. Akakusanya nusu ya mdomo iliyobaki.

"Akuaa," akasema.

"Anataka nini?" mgonjwa wa jirani akauliza. "Maji huyo. Mpe maji."

Mtu akaleta kikombe. Hemedi akakisukuma kwa mkono wa kushoto, maji yakamwagika shuka. Wodi nzima ilikuwa inatazama sasa, wazee na vijana, na kina mama walioshika mabakuli. Yule mtu aliyekuwa tayari kufa ili jambo lake lisivuke pazia akajiinua kwa kiwiko, mate yakimtoka pembeni, akalisema tena kwa nguvu zake zote, silabi kwa silabi, mpaka wa kitanda cha mwisho kabisa akalisikia.

"Na-ku-ta-ka."

Arafa alikuwa amelielewa tangu mara ya kwanza. Akamfuta mdomo kwa lile pindo la khanga, akamwambia hajasikia vizuri, arudie.